Nyumba ya Mwalimu wa Gofu

Kiwanda cha Chumvi,
Marereni.
3 Machi 1986

Mama Mbeyu, mke wangu,

Salamu nitaziweka mwisho leo, usinione mtu asiye na adabu. Gerishom amefariki. Yule karani mwenzangu wa mizani, uliyempikia wali wa nazi Krismasi ya juzi akala sahani tatu. Alianguka Jumatano saa nne asubuhi, kalamu mkononi, lori likiwa bado juu ya mizani. Kufika alasiri kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine, na mimi ndiye niliyemwonyesha mtu huyo daftari lilipoishia. Gerishom alikuwa na miaka arobaini na minane. Mimi natimiza arobaini na saba mwezi wa Agosti, na miaka ishirini na miwili ya hiyo nimeipima chumvi ya watu.

Sasa nisikilize mpaka mwisho kabla hujacheka. Unajua kwamba tangu meneja wa zamani aniachie fimbo zake, kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nakwenda Malindi kucheza gofu, maana siku hiyo klabu huwaachia uwanja wafanyakazi na kedi, wale wabeba fimbo. Ni miaka kumi na moja sasa. Leo kapteni wa klabu alikuwa amesimama barazani na chai yake, akaniangalia nikicheza mashimo matatu, akaniita. Amesema klabu inatafuta mwalimu wa gofu wa kuwafundisha watalii na wanachama wapya, na haoni kwa nini nisiwe mimi, mradi nifaulu mtihani wa Nairobi mwisho wa Aprili. Unachezwa siku mbili. Mapigo yote yasizidi mia na hamsini na manane. Mwezi uliopita hapa Malindi nilicheza siku mbili kwa mia na hamsini na moja.

Na kazi hiyo ina nyumba. Nimeiona kwa macho yangu: vyumba viwili na jiko, nyuma ya kibanda cha kedi, na mpapai mlangoni. Miaka kumi na tisa ya ndoa, wewe kwenye nyumba ya shule, mimi kwenye landhi, vile vyumba vya wafanyakazi wa kiwanda, tunaonana mara moja kwa mwezi kama wageni. Mbeyu amekua mpaka ameolewa bila kumwona baba yake akiamka nyumbani siku ya kazi. Nataka tuzeeke chini ya bati moja.

Kiwanda hakitanipa likizo ya mazoezi, najua. Nipe ushauri wako. Na mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Mumeo,
Nahashon Thuku


Shule ya Misheni,
Kaloleni.
12 Machi 1986

Baba Mbeyu,

Pole kwa Gerishom. Nimemlilia, maana alikuwa mtu wa kula na kushukuru, na wa namna hiyo ni wachache. Lakini msiba ni msiba na wazimu ni wazimu, tusivichanganye.

Mwanamume mzima, mvi kidevuni, aache kazi ya karani ili asukume kidude kiingie tunduni! Nilimsomea kaka yangu Tsuma nusu ya barua yako akiwa juu ya mnazi anagema tembo. Alicheka hata nikahofia kibuyu kitamponyoka. Anasema chumvi huhifadhi samaki wa ng'onda, lakini ubongo wa mtu wa bara huuchachusha. Nami nilijua umri huo wako ni umri wa wanaume kutafuta mke wa pili, na maneno ya siku hiyo nimeyaweka tayari tangu zamani. Kwa hili la mpira sina maneno.

Nakuuliza jambo moja tu, nami si mchezaji. Uliwahi kuniambia kwamba hapo Malindi penye shimo hapana majani, pana duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, na mtu huvuta gunia kuusawazisha kabla hamjapiga. Je, Nairobi nako mchanga wao ni kama huo? Mimi nikibadilisha hata mwiko, sima yangu ya kwanza huharibika.

Ushauri wangu ni huu: kaa kwenye mizani. Nyumba yenye mpapai ni nzuri, lakini mpapai hauliwi kila siku. Unijibu upesi.

Mkeo,
Kadii


Malindi.
26 Machi 1986

Kadii wangu,

Barua yako ilinikuta nimeshatoa notisi. Najua, niliomba ushauri kisha sikuungoja. Kesho yake baada ya kukuandikia nilirudi kwenye mizani asubuhi, mtu wa kile kiti akaniuliza, "Mzee, wewe utastaafu lini?" Sikumjibu yeye. Nilikwenda ofisini nikajibu huko.

Sasa nakaa Malindi kwa Mzee Ochola, yule mvuta gunia wa klabu. Amenigawia nusu ya chumba chake na robo tatu ya maneno yake. Tunaamka mapema, yeye anavuta gunia, mimi napiga. Laiti ungemwona akifanya kazi yake. Huanza shimoni, akazunguka kwenda nje, na gunia linamfuata nyuma likifuta hata nyayo zake mwenyewe. Akimaliza huwezi kujua kama binadamu alipita hapo. Kisha mimi nasimama hatua kumi kutoka shimoni, nasukuma mpira, nao unakwenda moja kwa moja kama mtu anayerudi kwao. Jana nimetia mipira kumi na saba kati ya ishirini. Kapteni mwenyewe hafiki kumi.

Kuhusu mchanga, nilicheka. Nairobi hawana mchanga, wana majani yaliyokatwa mafupi kama zulia la askofu. Basi kama mimi kwenye mchanga sikosi, kwenye zulia itakuwaje? Mpishi wa kuni hashindwi na jiko la gesi. Ochola alitikisa kichwa akasema majani yana akili zake, lakini Ochola anastaafu mwezi wa tano arudi kwao, na mtu anayeondoka huona kila kitu kina kasoro.

Pasaka sitakuja, kwa sababu ya mazoezi. Nisamehe. Barua zako ziendelee kwenda sanduku la kiwanda, karani wa geti ataniwekea. Nina furaha, Kadii. Ni neno ambalo sikuwahi kukuandikia, nimeona niliandike.

Mumeo,
Nahashon


Kaloleni.
21 Aprili 1986

Baba Mbeyu,

Nimekaa wiki tatu bila kukujibu nikitaka hasira yangu iive vizuri, kumbe imepoa. Pasaka niliitumia kukununia. Jumatatu ya Pasaka nikajikuta nimeshika kitambaa cha maua madogo ya buluu, napima mapazia. Ya madirisha gani, hata sijui. Nikaketi nacho mapajani nikacheka peke yangu.

Nimechoka kulala peke yangu, Nahashon. Haya, nimeandika na sitafuta. Nimechoka kuitwa mwalimu mwenye mume wa mwisho wa mwezi. Ulipoandika kwamba una furaha niliirudia ile sentensi kama mtoto wa chekechea anayejifunza kusoma. Basi nenda ukacheze. Na nijibu: nyumba hiyo mlango wake unatazama wapi? Kama ni kusini nitahitaji pazia zito, upepo wa kusi hauna haya.

Sasa sikiliza, hili ni la maana. Barua zangu hupitia kwa Mwalimu Hannah, mkuu wetu, na siku hizi zinanifikia gundi ya bahasha ingali mbichi. Ulimi wa shule hii hauna kifuniko. Na kwetu jambo jema halitajwi kabla halijatulia. Mwenye mimba changa hasemi, mwenye mahindi mazuri hasemi, husuda ina masikio. Kwa hiyo ukifaulu, usiandike neno hata moja la mtihani. Niandikie salamu za kawaida tu, nami nitajua. Ukishindwa, andika waziwazi. Msiba hauna hasidi.

Mulungu akuongoze mikono. Vaa fulana ya ndani, huko ni baridi.

Mkeo,
Kadii


Sanduku la Klabu ya Gofu,
Malindi.
6 Mei 1986

Mama Mbeyu,

Nimerudi salama, namshukuru Mungu. Natumaini nawe hujambo, na mama pia.

Nairobi ni baridi, Kadii. Nilikuwa nimesahau, ingawa nimezaliwa kwenye baridi kali kuliko ile. Asubuhi majani yalikuwa yameloa umande, viatu vikaloa mpaka soksi. Nilinunua kofia ya sufu, nikaivaa hata ndani ya nyumba. Chai yao ni nzuri, ina maziwa mengi. Garimoshi lilikuwa limejaa, nilisimama mpaka Voi. Nilipofika Mombasa joto likanipokea, nikaiweka kofia mfukoni, na sasa sijui nitaifanyia nini.

Mzee Ochola anaondoka wiki ijayo. Barua zako zitume kwa anwani hii ya klabu niliyoandika hapo juu, maana kiwandani sina tena shughuli.

Kuna mambo tutazungumza tukionana. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Mumeo,
Nahashon


Kaloleni.
14 Mei 1986

Mume wangu, mjanja wangu,

Umeandika vizuri kupita kiasi! Hukuweka neno hata moja la mtihani! Nimekuona ukizunguka kwa umande na soksi na kofia ya sufu, nikasema huyu kweli ameshakuwa mtu wa pwani. Hata mlango hukuniambia unatazama wapi, maana ungejitoa. Lakini anwani imekuchongea, Baba Mbeyu. Sanduku la klabu! Mwalimu Hannah alinipa bahasha akaitazama mara mbili, nikajifanya sioni. Kisha nikaenda nyuma ya choo cha shule nikalia kilio kizuri, kile cha kumaliza mambo.

Tsuma nimemwambia, kwa sababu kucheka kwake kulikuwa kumenikaa kooni. Alisema, "Hebu fikiria, yule mtu wa bara." Ameshuka na kibuyu cha tembo akatuombea kwa wazee waliotutangulia. Na mimi, nisikufiche, sikuweza kukaa na habari hii peke yangu. Mama anajua, kwaya inajua, na ikijua kwaya imejua Kaloleni nzima. Nimejivuna, ndiyo. Miaka kumi na tisa sijajivuna.

Nimempa Mwalimu Hannah barua ya kuacha kazi. Kulikuwa na mwalimu kutoka chuoni anangoja nafasi na anangoja nyumba, kwa hiyo hawakunizuia hata siku moja. Mapazia nimeyashona. Jumamosi ya tarehe 24 lori la nazi linakwenda Malindi, dereva amekubali kunibeba na kitanda na cherehani. Usijisumbue kunijibu, barua haitanikuta. Wewe fagia tu, na nikifika uniambie mpapai ni wa kike au wa kiume, nijue kama tutakula.

Wako, nakuja,
Kadii


Malindi.
20 Mei 1986

Kadii,

Leo nimekwenda Marereni kuchukua sanduku langu la nguo, na karani wa geti akanipa barua yako ya tarehe 21 Aprili. Ilifika nimeshaondoka kwenda Nairobi. Nimeisoma nimesimama juani, na nimerudi Malindi naandika kabla sijala. Mwalimu Hannah akiifungua hii, na aifungue.

Nimeshindwa. Kama umechukua kunyamaza kwangu kuwa ni kufaulu, nisamehe. Sikuwa nimeliona agizo lako. Nilinyamaza kwa aibu.

Mapigo mia na sabini na manne. Mipira ya mbali haikuwa na neno, kuna kijana wa Nairobi aliniuliza nilifundishwa wapi. Kisha tukafika kwenye majani. Shimo la kwanza nilikuwa hatua nne. Nikasukuma kama ninavyosukuma hapa. Mpira ulikwenda kulia, ukapita shimo, ukaendelea kushuka, nami naufuata kwa macho kama mtu aliyemwaga maziwa. Nikaurudisha, ukapita tena. Mapigo manne kwa hatua nne. Majani yale yana mteremko usiouona, na yana upande yanaolalia, asubuhi upande huu, mchana upande ule. Wenzangu walikuwa wanachutama na kuyasoma. Mimi miaka kumi na moja nimesawazishiwa njia na mtu mwingine, nikadhani ule unyoofu ni wangu. Kwenye shimo la sita, Mungu ni shahidi, nilinyanyua kichwa mbele ya watu nikamtafuta Ochola aje na gunia.

Swali lako la mchanga ndilo swali la pekee la maana lililoulizwa mwaka huu, nami nikalicheka.

Nilipotoka Nairobi nilikwenda kiwandani kuomba kazi yangu, siku ambayo karani wa geti hakuwapo. Kiti kimekaliwa. Aliyekikalia ni mtu mwema, alinionyesha hata daftari lilipofika. Kapteni naye hakunifukuza, alisema kazi ya Ochola iko wazi kama naitaka. Naitaka au siitaki, ninaifanya. Navuta gunia. Nyumba ya mpapai anaingia mwalimu kutoka Mombasa mwezi wa sita. Mimi nalala kwenye chumba cha mashine za kukata majani.

Nilikuwa nakuja kukuambia mwisho wa mwezi, uso kwa uso. Kila siku nilisema kesho nitaandika. Usiache kazi yako, Kadii. Nakuomba. Nyumba ya shule ndiyo nyumba pekee tuliyo nayo.

Nahashon


SIMU YA MAANDISHI
MALINDI, 27 MEI 1986
MWALIMU KADII, SHULE YA MISHENI, KALOLENI
BARUA YA TAREHE 14 IMEFIKA LEO. UKO WAPI. USITOKE KALOLENI. NYUMBA HAKUNA. NAHASHON


Kwa Tsuma,
Kaloleni.
3 Juni 1986

Nahashon,

Simu yako ilifika nikiwa nimeshatoka na nimesharudi. Barua yako pia. Mwalimu Hannah alinipa vyote viwili kwa pamoja, dirishani, bila kunitazama.

Nikueleze, maana hujui. Ile Jumamosi lori lilinichukua alfajiri. Watoto wa chekechea waliletwa na mama zao kuniimbia. Mama alinipa kuku wawili wa kuanzia nyumba. Tulivuka kivuko cha Kilifi saa nne, na saa saba tulikuwa kwenye lango la klabu yenu, nimejifunga leso mpya. Nikamwambia askari, "Mimi ni mke wa mwalimu wa gofu, nionyeshe nyumba yenye mpapai." Akaniuliza mwalimu yupi. Nikamtajia jina lako. Akanyoosha mkono juu ya ua, akasema, "Nahashon? Si yule pale."

Nilikuona. Wazungu wanne walikuwa wanaondoka wanacheka, nawe ukaingia na gunia. Ulianza shimoni ukazunguka kwenda nje, polepole, kichwa umeinamisha, na gunia likafuta kila ulipokanyaga. Kama ulivyoniandikia. Ulikuwa unaifanya kazi ile vizuri sana, na hilo ndilo lililonivunja. Ulipomaliza mchanga ulikuwa safi kabisa. Hukutazama upande wa ua hata mara moja.

Ningeita, ungesikia. Sikuita. Ungegeuka na kamba mkononi, ukaona lori, ukaona kitanda chetu kimesimamishwa juu ya nazi, ukaona kuku. Sikuweza kusimama pale nikuangalie ukiviona. Nikamwambia askari nimekosea klabu. Malindi ina klabu ngapi za gofu? Hata yeye alijua, akamfungulia dereva njia ya kugeuza, akasema, "Pole, mama."

Nyumba ya shule ina mapazia ya mwalimu mpya. Sasa nalala kwa Tsuma, chumba cha kuwekea nazi, na mapazia yangu nimejifunika. Tsuma hacheki tena. Laiti angecheka.

Sikukasirikii kwa kushindwa. Mtu kushindwa na majani ni jambo la kawaida, ng'ombe tu ndio hawashindwi nayo. Nakukasirikia kwa zile wiki mbili za kunyamaza. Ile sheria ya kunyamaza ni yangu, ujinga huo nauchukua, na husuda niliyoiogopa haikuhitajika hata kidogo, tulitosha sisi wawili. Lakini miaka kumi na tisa ingepaswa kukufundisha kwamba mimi si mtu wa kuogopwa. Ulikuwa na furaha ukaniandikia. Ulipokuwa na aibu ukaniandikia habari za soksi.

Usije. Hapa nalala kwenye nyumba ya kaka yangu, na huko unalala na mashine. Hakuna mahali pa kukaa tukatazamana. Fanya kazi yako. Ukiandika, andika kwa jina la Tsuma, kwa sababu shuleni jina langu limeondolewa kwenye orodha ya barua.

Kila nikienda kisimani wanawake wa kwaya huniuliza nyumba ya Malindi itakuwa tayari lini, na mume wangu mwalimu anaendeleaje na wazungu wake. Ukweli haunitoki mdomoni, na uongo sijui kuutunga. Kwa hiyo nafanya ulivyofanya wewe. Naweka ndoo chini, nawasimulia baridi ya Nairobi.

Kadii